Laldenga: Kutoka vita vya msituni hadi meza ya amani

Mara moja katika kila miaka 48 hivi, misitu ya mianzi katika milima ya Mizo, pembe ya kaskazini mashariki mwa India, huchanua maua kwa wakati mmoja, ikazaa na kisha ikafa. Mbegu zake huliwa na panya, nao panya huzaana kupita kiasi. Mbegu zinapokwisha, panya hao huvamia mashamba ya mpunga na maghala usiku, na kunapopambazuka mkulima hana kitu. Wenyeji huliita balaa hilo mautam. Wazee waliokumbuka mautam ya 1911 walijua kwamba nyingine ingefika mwishoni mwa miaka ya hamsini, na viongozi wa wilaya wakaiomba serikali ya Assam, iliyokuwa ikiwatawala, iwape fedha za kujiandaa. Maombi hayo yalipuuzwa kama ushirikina wa watu wa milimani. Mwaka wa 1959 panya walifika.

Njaa hiyo ndiyo iliyomwinua karani mmoja wa hesabu mjini Aizawl na kumfanya kiongozi wa vita vilivyodumu miaka 20. Jina lake lilikuwa Laldenga. Msomaji asitafute jina la ukoo, kwani kwa desturi ya Wamizo jina moja hutosha, na majina ya wanaume huishia kwa herufi a.

Laldenga alizaliwa Juni 11, 1927, katika kijiji cha Pukpui karibu na mji wa Lunglei, wakati India yote ilipokuwa chini ya Mwingereza. Wamisionari kutoka Wales na Uingereza walikuwa wamekwisha kuwaletea Wamizo maandishi, shule na Biblia, na katika muda wa vizazi viwili karibu kabila zima lilikuwa limeingia Ukristo. Akiwa kijana alijiunga na jeshi, akapanda hadi cheo kinacholingana na sajini. Alipotoka jeshini aliajiriwa katika hesabu za baraza la wilaya ya Mizo. Hakuwa msomi wa chuo kikuu wala mtoto wa chifu. Kipawa chake kilikuwa ulimi. Waliomsikia akihutubia walikiri kwamba aliweza kuwashika wasikilizaji kwa saa nyingi bila kuwachosha.

Njaa ilipobisha hodi, Laldenga na wenzake waligeuza chama kidogo cha utamaduni kuwa chama cha kupambana na njaa. Kufikia 1960 kilijulikana kama Mizo National Famine Front. Vijana wake walibeba mchele mgongoni kwa siku kadhaa, wakipanda na kushuka milima isiyokuwa na barabara, wakaufikisha katika vijiji ambavyo maafisa wa serikali hawakuwa wamevitia machoni. Mwenye njaa humkumbuka aliyemletea chakula, na humkumbuka pia aliyekinyima. Mwaka huohuo bunge la Assam lilipitisha sheria ya kukifanya Kiassam kuwa lugha rasmi ya jimbo, ilhali Wamizo hawakukizungumza wala hawakutaka kukizungumza. Kidonda kikatiwa chumvi.

Mnamo Oktoba 22, 1961, chama hicho kilibadilishwa kuwa cha siasa. Badiliko la jina lilikuwa dogo, kwani neno njaa liliondolewa tu, kikabaki Mizo National Front, au MNF kwa kifupi. Lengo jipya lilikuwa uhuru kamili. Laldenga akawa rais wake.

Hakuwa wa kwanza kuwa na ndoto hiyo katika eneo hilo. Kaskazini mwao, Wanaga wakiongozwa na Angami Zapu Phizo walikuwa wamejitangazia uhuru Agosti 14, 1947, siku moja kabla ya India yenyewe, na tangu miaka ya hamsini walikuwa wakipigana na jeshi la India. Delhi ilipoona vita haviishi iliwapa jimbo la Nagaland mwaka wa 1963, lakini wapiganaji walikataa wakisema hawakumwaga damu kwa ajili ya jimbo. Laldenga aliyatazama hayo kwa makini.

Desemba 1963 alivuka mpaka kwa siri na wenzake wawili hadi Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, kutafuta silaha. Pakistan, hasimu wa India, haikusita kumsikiliza. Aliporudi alikamatwa, kisha akaachiliwa baada ya kumhakikishia Waziri Kiongozi wa Assam, Bimala Prasad Chaliha, kwamba angefuata njia ya katiba. Hapa ndipo tabia iliyomfuata maisha yake yote inapojitokeza waziwazi. Laldenga alijua kusema na kila mtu kwa lugha aliyotaka kuisikia. Kwa wengine huo ulikuwa ujanja wa mwanasiasa, na kwa wengine ulikuwa undumilakuwili. Oktoba 1965 aliwasilisha waraka wa heshima kwa Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri akieleza hoja za Wamizo. Wakati huohuo, vijana wake walikuwa wakifunzwa kutumia bunduki ng'ambo ya mpaka.

Usiku wa Februari 28, 1966, MNF ilishambulia kambi za jeshi, ofisi za serikali na hazina katika miji kadhaa kwa mpigo. Shambulio hilo lilipewa jina la Yeriko, mji wa Biblia ambao kuta zake zilianguka kwa sauti ya tarumbeta. Siku iliyofuata, Machi 1, uhuru ulitangazwa. Lunglei ikaangukia mikononi mwa waasi, lakini kambi kuu ya Aizawl haikuanguka. Helikopta zilizojaribu kuwateremsha wanajeshi wa kuisaidia zilirudishwa nyuma kwa risasi.

Indira Gandhi alikuwa na wiki chache tu katika kiti cha Waziri Mkuu. Kuanzia Machi 5 ndege za kivita za India ziliumiminia mji wa Aizawl risasi na mabomu ya moto. Mitaa iliteketea, na wakazi wakakimbilia misituni na watoto wao. Ni mara pekee inayojulikana ambapo India imetumia ndege za kivita kuwapiga mabomu raia wake, na kwa miaka mingi serikali ilidai kwamba ndege hizo zilipelekwa kudondosha chakula na mahitaji. Hadi leo Wamizo huikumbuka Machi 5 kila mwaka.

MNF ilipigwa marufuku, na wapiganaji wakajificha misituni. Kilichofuata kiliwaumiza wanavijiji kuliko mabomu. Kuanzia Januari 1967 jeshi lilianza kuvihamisha vijiji kwa nguvu. Watu walipewa saa chache kubeba walichoweza, kisha nyumba na maghala yao yakachomwa ili waasi wasipate chakula wala makao. Wakapelekwa kwenye kambi zilizojengwa kando ya barabara, wakiwa na vitambulisho, wakihesabiwa kila mara na kufungiwa ndani giza lilipoingia. Kati ya vijiji 764 vya milima hiyo, 516 vilihamishwa.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi. Mbinu hiyo ilikuwa ya Waingereza, waliyoitumia Malaya dhidi ya wakomunisti, kisha wakaitumia humu nchini kuanzia 1954 walipowakusanya wakazi wa Kenya ya kati katika vijiji vyenye mahandaki na miiba ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. India, iliyokuwa haijatimiza hata miaka 20 ya uhuru, iliazima silaha ya mkoloni wake wa jana.

Nao MNF hawakuwa malaika. Waliwaua Wamizo wenzao walioshukiwa kuwa wapasha habari wa serikali, wakatoza kodi vijiji vilivyokuwa havina hata chakula, na Januari 1975 wakawaua maafisa watatu wakuu wa polisi ndani ya ofisi zao mjini Aizawl. Mwanakijiji alibanwa kati ya pande mbili. Akiwapa waasi mchele aliadhibiwa na jeshi, na akiwanyima aliadhibiwa na waasi. Wamizo wana neno la kipindi hicho chote, rambuai, yaani nchi iliyovurugika.

Laldenga mwenyewe alikuwa mbali na moto. Aliongoza kutoka Pakistan ya Mashariki, akilindwa na kufadhiliwa na wenyeji wake, hadi vita vya Desemba 1971 vilipoizaa Bangladesh, nchi rafiki wa India. Makao yake yakapotea kwa majuma mawili. Alitoroka kupitia misitu ya Burma na hatimaye akafika Pakistan. Januari 1972 Delhi iliitenganisha milima ya Mizo na Assam na kuifanya Mizoram, eneo lililosimamiwa moja kwa moja na serikali kuu. Pamoja na kuachana na Assam, watu walipata bunge lao dogo. Sehemu ya malalamiko yaliyozaa vita ikawa imeondolewa bila Laldenga kuwapo.

Alipokuwa Pakistan alianza kuona kwamba wenyeji wake walimhitaji kama mwiba wa kumchoma jirani, si kama kiongozi wa taifa. Akaanza mawasiliano ya siri na majasusi wa India, na mwaka wa 1975 wakakutana Geneva. Mwaka uliofuata alirudi India na mnamo Julai 1976 akatia saini makubaliano yaliyokiri kwamba Mizoram ni sehemu ya India. Kwa mtu aliyetangaza uhuru miaka kumi kabla, hilo lilikuwa tonge gumu kumeza, na wenzake wa msituni hawakulimeza. Wengine waliona wameuzwa. Silaha hazikusalimishwa na makubaliano yakabaki karatasi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Serikali ya Morarji Desai ilipoingia Delhi mwaka wa 1977 mazungumzo yalikwama, na 1979 Laldenga akakamatwa. Indira Gandhi aliporudi madarakani 1980 kesi iliondolewa na mapigano yakasitishwa. Sasa kizuizi kilikuwa kiti. Laldenga alitaka serikali ya Mizoram ya Brigedia Thenphunga Sailo, iliyochaguliwa na wananchi, ivunjwe ili yeye awe Waziri Kiongozi wa mpito. Delhi ilikataa, na Sailo hakuwa tayari kumpisha mtu ambaye hakuwa amechaguliwa na wananchi. Ni vigumu kumlaumu brigedia huyo. Januari 1982 mazungumzo yalivunjika, MNF ikapigwa marufuku tena, na Laldenga akaamriwa kuondoka nchini. Alikwenda London, mji ambao Phizo wa Wanaga alikuwa akiishi uhamishoni kwa zaidi ya miaka 20.

Kilichofungua njia ni uchaguzi wa Mizoram wa 1984. Lal Thanhawla wa chama cha Congress aliahidi wapigakura kwamba amani ikihitaji aachie kiti, angekiachia. Alishinda. Makanisa nayo, ambayo tangu mwanzo yalikuwa yakipeleka wachungaji msituni kusihi pande zote mbili, yalizidisha shinikizo. Oktoba mwaka huo Laldenga alialikwa kurudi. Alitua Delhi siku chache kabla ya mwezi kuisha, akiwa na miadi ya kukutana na Indira Gandhi Oktoba 31.

Asubuhi ya siku hiyo Indira Gandhi aliuawa kwa risasi na walinzi wake katika bustani ya makao yake.

Kiongozi mwingine angefunga mizigo na kuondoka. Laldenga alibaki, akasubiri maombolezo yaishe na uchaguzi upite, akaanza upya na Rajiv Gandhi, mwana wa marehemu. Mazungumzo yalichukua zaidi ya mwaka mmoja. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60, wapiganaji wake walikuwa wamechoka, na kijana aliyeingia msituni mwaka wa 1966 alikuwa sasa na mvi. Hata hivyo hakuonyesha haraka. Wahindi waliojadiliana naye walimjua kama mtu wa kurudia hoja iliyokwisha kufungwa na kudai neno moja zaidi baada ya kila neno.

Mkataba ulitiwa saini usiku wa Juni 30, 1986, mjini New Delhi. Kwa niaba ya serikali kuu alisaini R.D. Pradhan, Katibu wa Mambo ya Ndani, aliyekuwa akistaafu siku hiyohiyo. Lalkhama, katibu mkuu wa serikali ya Mizoram, naye alisaini, na upande wa pili ulikuwa na sahihi moja tu, ya Laldenga.

Tuyapime aliyoyapata na aliyoyapoteza. Mizoram ingekuwa jimbo kamili. Katiba ya India ilirekebishwa ili sheria yoyote ya bunge la Delhi inayohusu dini na mila za Wamizo, mahakama zao za kimila au umiliki wa ardhi isitumike Mizoram mpaka bunge la jimbo liikubali. Kwa watu waliopigwa mabomu kwa kutaka kujiamulia mambo yao, kipengele cha ardhi peke yake hakikuwa kidogo. Lakini uhuru haukupatikana. Ndoto ya kuwaunganisha ndugu zao wa Manipur, Tripura, Assam na Burma chini ya bendera moja nayo iliwekwa kando. Ilimbidi Laldenga asalimishe silaha na akate uhusiano na makundi mengine ya waasi katika eneo hilo. Mama aliyempoteza mwanawe mwaka wa 1966 alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini jimbo lililotolewa kwa Wanaga mwaka wa 1963 liligharimu Wamizo miaka 20 ya maafa.

Hata hivyo silaha zilisalimishwa kweli. Wapiganaji walitoka msituni kwa mistari, wakakabidhi bunduki zao, na watu wakawalaki kwa nyimbo za kanisani. Lal Thanhawla alitimiza ahadi yake. Agosti 21, 1986, aliteremka katika kiti cha Waziri Kiongozi, akampisha Laldenga na kukubali kuwa naibu wake. Wanasiasa wanaoweza kufanya hivyo, katika nchi yoyote, huhesabika kwa vidole. Mimi naona kwamba sifa anazopewa Laldenga kwa amani hiyo zinapaswa kugawanywa nusu kwa nusu na mtu huyo.

Februari 1987 uchaguzi ulifanyika na MNF ikanyakua viti 24 kati ya 40. Siku chache baadaye, Februari 20, Mizoram ikawa jimbo la 23 la India, na Laldenga akawa Waziri Kiongozi wake wa kwanza. Hazina ambayo watu wake walikuwa wameivunja sasa ilikuwa chini ya mamlaka yake.

Kutawala kulimshinda kuliko kupigana. Alikuwa amezoea kutoa amri, na watu walioitii bila swali walipokuwa msituni walianza kuuliza maswali walipokuwa wabunge. Walimlaumu kwa kuendesha mambo peke yake. Mwaka wa 1988 kundi la wabunge wake lilihama, serikali ikakosa wingi, na Septemba Delhi ikachukua utawala wa jimbo. Katika uchaguzi wa Januari 1989 MNF iliambulia viti 14. Aliyerudi katika kiti cha Waziri Kiongozi alikuwa Lal Thanhawla.

Wapo waliohofia kwamba bunduki zingefukuliwa, kwani mtu aliyekuwa na jeshi kwa miaka 20 alikuwa ameondolewa kwa kura baada ya muda usiotimiza miaka miwili. Laldenga aliketi upande wa upinzani. Vijana wake hawakurudi msituni.

Muda wake wa kuishi haukuwa mrefu. Aliugua saratani ya mapafu, akatafuta matibabu ng'ambo, na akafariki London Julai 7, 1990, akiwa na umri wa miaka 63. Phizo alikuwa amefariki katika mji huohuo Aprili 30, wiki kumi kabla yake. Phizo hakuwahi kukubali chochote pungufu ya uhuru wa Wanaga. Watu wake waligawanyika baada ya baadhi yao kusaini mkataba wa Shillong mwaka wa 1975, na mazungumzo yao na Delhi, yaliyofuata kusitishwa kwa mapigano mwaka wa 1997, yameendelea kwa miongo bila suluhisho la mwisho. Mwili wa Laldenga ulirudishwa nyumbani na kuzikwa katikati ya Aizawl. Juni 30 ni sikukuu katika jimbo hilo, nayo huitwa Remna Ni, siku ya amani.

Mianzi haikusahau hesabu yake. Mwaka wa 2006 ilianza kuchanua tena, takriban miaka 48 baada ya mautam iliyotangulia. Waziri Kiongozi wa Mizoram wakati huo alikuwa Zoramthanga, aliyekuwa katibu wa Laldenga wakati wa vita na mrithi wake katika uongozi wa MNF. Safari hii serikali haikungoja. Wakulima walihimizwa kupanda mazao ambayo panya hawayapendi, kama tangawizi na manjano, na serikali ikatangaza kumlipa rupia mbili kila atakayeleta mkia wa panya aliyemuua. Mikia ililetwa kwa malaki. Mpunga uliliwa hata hivyo, chakula kikapungua vijijini, na wananchi wakalalamika kwamba fedha za kukabiliana na njaa hazikutumika ipasavyo. Katika uchaguzi wa Desemba 2008 chama kilichozaliwa na njaa kilishindwa vibaya, na Lal Thanhawla akarudi tena ofisini.